Jina la Josina Halikufichwa: Kufiwa na Mwenzi na Kuanza Tena



Makala ya historia ya wiki hii imechelewa, na sababu tutaisema wazi. Zamu ya kuandika juu ya Msumbiji ilikuwa ya mwenzetu mmoja, kijana wa miaka 28 anayefundisha watoto hesabu jioni. Mke wake alifariki wakati wa mvua, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto alibaki, yuko kwa bibi yake. Sisi tulikaa na mwenzetu kwenye matanga, tulichota maji, tulichanga pesa za jeneza. Hapo tulifanya vizuri. Baadaye ndo tuliharibu.

Mwezi mmoja na nusu haujaisha vizuri, tukaanza kumwambia: "Kaka, jikaze. Wewe ni mwanaume. Maisha yanaendelea." Mmoja wetu akamtajia dada fulani wa bloki ya pili ambaye hajaolewa. Mwingine akafuta picha za marehemu kwenye simu ya kikundi, eti kaka asizione akaumia. Hatukumuuliza. Alipozitafuta akakuta hazipo, hakugombana na mtu. Aliweka simu mezani, akaondoka, na hakurudi tena kwenye kikundi. Watoto wa hesabu walikuja mlangoni wiki mbili, wakasubiri na madaftari yao, kisha nao wakaacha.

Mama mmoja mzee wa bloki yetu, mjane wa tangu vita vya Congo, alitusikia tukilalamika kwamba kaka amekuwa mgumu. Akatuambia, "Nyinyi mnataka asahau haraka ili nyinyi mpumzike." Hakuna mtu alipata jibu.

Basi zamu yake tuliichukua sisi. Tulidhani tutaandika juu ya bunduki na uhuru wa Msumbiji, sababu ndivyo tulifundishwa shuleni. Kumbe ukifuata historia ile karibu karibu, unakuta imebebwa na watu waliofiwa na wenzi wao, na wengi wao walikuwa wakimbizi kama sisi.

Nyumba ya kwanza: Dar es Salaam, 1969

FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Nyumbani kwao Wareno walikuwa wanatawala, kwa hiyo waliokimbia walikusanyika Tanzania. Rais wa kwanza wa chama alikuwa Eduardo Mondlane. Mke wake, Janet, Mmarekani, aliongoza Taasisi ya Msumbiji huko huko Dar es Salaam, mahali ambapo vijana wakimbizi wa Msumbiji walisoma.

Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alifungua kifurushi kilichotumwa kwa jina lake. Ndani kulikuwa na bomu. Akafa palepale. Janet akabaki na watoto watatu katika nchi ambayo si ya mume wala ya kwake. Kurudi Marekani angeweza, na hakuna mtu angemlaumu. Alibaki. Aliendelea na kazi ya Taasisi, wale vijana wa mume wake wakaendelea kusoma.

Kati ya watu waliokuwa wamefanya kazi chini ya Janet kwenye Taasisi hiyo kulikuwa na binti mmoja anaitwa Josina.

Josina, mkimbizi aliyerudishwa mpakani

Josina Muthemba alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945 Vilanculos, mkoa wa Inhambane. Mwaka 1964, akiwa na miaka 18, alijaribu kutoroka na wenzake ili wafike Tanzania. Walikamatwa Victoria Falls, wakarudishwa mikononi mwa Wareno, na Josina akafungwa gerezani miezi kadhaa. Alipotoka akajaribu tena, akapita Swaziland na nchi nyingine, mpaka akafika Dar es Salaam mwaka 1965. Nani kati yetu hajui safari ya namna hiyo? Wako humu kambini waliorudishwa mpakani mara mbili, mara tatu.

Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, akaikataa. Akajiunga na Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO, akafanya mafunzo ya kijeshi Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Baadaye akapewa idara ya mambo ya jamii ya chama. Kazi yake kubwa ikawa watoto: waliofiwa na wazazi vitani, na wale ambao wazazi wao walikuwa mstari wa mbele. Alisimamia vituo vya kuwalea watoto hao kwenye maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji.

Mwezi Mei 1969 aliolewa na kamanda Samora Machel, huko Tunduru. Mwezi Novemba mwaka huohuo wakapata mtoto wa kiume. Lakini mwili wa Josina ulikuwa unachoka. Alikuwa mgonjwa na bado anasafiri kwa miguu kwenda kuangalia vituo vyake vya watoto. Tarehe 7 Aprili 1971 akafariki Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili. Alikuwa na miaka 25. Mtoto wake alikuwa hajafika mwaka mmoja na nusu.

Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiria mtoto mwingine, yule aliye kwa bibi yake.

Samora, mgane mwenye jeshi

Mwanamke aliyefiwa na mume tunamwita mjane, kila mtu anajua. Mwanaume aliyefiwa na mke anaitwa mgane, na neno hilo wengi wetu hata hatulijui. Labda ndiyo sababu hatujui la kumfanyia.

Samora Machel alikuwa mgane akiwa na miaka 37. Tangu 1970 alikuwa ndiye rais wa FRELIMO, vita vinaendelea, watu maelfu wanamtegemea. Huyu tungeweza kumwambia "jikaze" kweli, sababu alikuwa kamanda. Lakini yeye hakuficha. Alimwandikia Josina shairi, na shairi hilo watu wa Msumbiji wanalijua mpaka leo. Chama chake nacho hakikulifunika jina la Josina kwenye mchanga wa makaburi ya Kinondoni. Tarehe 7 Aprili, siku aliyokufa, ikawa Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Mpaka leo ni sikukuu ya taifa. Wanawake wanashona vitenge vipya, wanaimba, wanacheza. Yaani siku ya msiba ya mtu mmoja imekuwa siku ambayo nchi nzima inafurahi, na bado kila mtu anajua ni siku ya nani.

Sisi tulifuta picha kwenye simu. Wao waliweka jina kwenye kalenda.

Graça na mtoto anayeitwa Josina

Mwaka huohuo 1945, miezi miwili tu na siku kadhaa baada ya Josina, alizaliwa Graça Simbine, mkoa wa Gaza. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo alilelewa na mjane. Familia ilijibana ili mtoto wa mwisho asome, akafika mpaka chuo kikuu Ureno, Lisbon. Huko siasa zikamfanya afuatiliwe na polisi wa siri, akakimbia, na mwaka 1973 akaungana na FRELIMO Tanzania. Naye akapitia Nachingwea, kisha akafanya kazi kwenye shule ya sekondari ya FRELIMO Bagamoyo.

Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Samora akawa rais wa nchi, na Graça akawa Waziri wa Elimu na Utamaduni. Tarehe 7 Septemba 1975 wakaoana. Graça alikuwa na miaka 29. Aliingia nyumba yenye watoto ambao hakuwazaa, pamoja na yule mdogo wa Josina, akawalea.

Mwaka 1976 Graça na Samora wakapata mtoto wao wa kwanza, wa kike. Wakamwita Josina.

Hapo tuliongea sana kwenye kikundi, mpaka giza likaingia. Wasichana wetu ndo walisema ukweli. Wengi walikiri kwamba wangeogopa hata kutaja jina la mke wa kwanza ndani ya nyumba, achilia mbali kumpa mtoto waliyemzaa wenyewe. Graça hakuona marehemu kama mpinzani wake. Ndani ya nyumba hiyo upendo wa kwanza haukufukuzwa ili wa pili upate nafasi.

Mbuzini, 1986

Kazi ya waziri haikuwa nyepesi. Wakati wa uhuru zaidi ya asilimia 90 ya watu wa Msumbiji walikuwa hawajui kusoma na kuandika, na Wareno wengi, walimu pia, walikuwa wameondoka. Chini ya Graça watoto wakajaa madarasani. Kisha vita vya ndani na RENAMO vikaanza kula shule, kijiji kwa kijiji. Watu wakakimbia. Hapa Malawi peke yake walifika zaidi ya milioni moja. Wazee wa Kimalawi wanaoishi karibu na kambi yetu bado wanawakumbuka, wanatuambia jinsi walivyogawana nao mahindi.

Tarehe 17 Oktoba 1986 Graça alitimiza miaka 41. Siku mbili baadaye, usiku wa tarehe 19, ndege ya Samora ikitoka mkutanoni Zambia ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini, karibu na mpaka. Samora alikufa na watu wengine zaidi ya 30. Watoto wake wawili aliozaa na Graça walikuwa bado wa shule ya msingi.

Nani aliangusha ndege? Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini ilisema ni kosa la rubani na wenzake. Msumbiji haikuamini. Baada ya ubaguzi kuisha, Tume ya Ukweli na Maridhiano iliangalia tena jambo hilo, na maswali yakabaki. Graça ameishi bila jibu kamili. Tunaandika hili kwa ajili ya wale humu ambao hawajui mume alizikwa wapi, au mke alibaki kwenye barabara gani ya Kivu. Kama tungesubiri jibu ndipo tuanze kuishi, wengine tungesubiri mpaka kaburini.

Na Graça hakupona haraka. Aliendelea kuwa waziri hadi mwaka 1989, kisha akaacha kazi hiyo. Alivaa nguo nyeusi kwa miaka. Vijana, someni tena: kwa miaka. Mwanamke aliyepita kambi ya jeshi, aliyeongoza wizara akiwa na miaka 29, alihitaji miaka. Sisi tulimpa mwenzetu mwezi mmoja na nusu.

Kazi iliyomtoa nje

Amani ya Msumbiji ilisainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na wakimbizi wakaanza kurudi. Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa ulimwomba Graça Machel aongoze uchunguzi juu ya watoto walio vitani. Alikwenda Angola, Rwanda, Sierra Leone, Kambodia, Colombia, Lebanon, Ireland ya Kaskazini na nchi zilizokuwa Yugoslavia. Mwaka 1995 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilimpa Tuzo ya Nansen. Mwaka 1996 ripoti yake ikasomwa mbele ya Baraza Kuu.

Ripoti ilisema kwamba katika miaka kumi iliyotangulia watoto wanaokadiriwa kufika milioni 2 waliuawa vitani. Ilizungumza juu ya watoto wanaobebeshwa bunduki, mabomu ya ardhini, ubakaji, na watoto waliopotezana na wazazi. Ilisema pia jambo ambalo linatuhusu moja kwa moja: shule isisubiri vita viishe. Elimu iwe sehemu ya msaada tangu mwanzo, pamoja na chakula na hema. Baada ya ripoti hiyo Umoja wa Mataifa uliweka mjumbe maalumu wa watoto na vita, na wa kwanza alikuwa Olara Otunnu wa Uganda, mwaka 1997.

Sasa rudini nyuma kidogo. Josina alikufa akiwa anasimamia vituo vya watoto wa vita. Mtoto wake akalelewa na Graça. Graça naye, alipotoka kwenye giza lake, mikono yake ilikwenda kwa watoto wa vita. Hatusemi kwamba alipanga hivyo. Tunasema tu kwamba kazi aliyoacha marehemu mara nyingi bado ipo pale pale, inasubiri mtu, na mfiwa ndiye anayeijua vizuri kuliko wote.

Kupenda tena

Tarehe 18 Julai 1998 Graça aliolewa na Nelson Mandela, siku Mandela alipotimiza miaka 80. Ilikuwa miaka 12 tangu Mbuzini. Ndiyo sababu anajulikana kama mwanamke aliyekuwa mke wa marais wa nchi mbili. Aliendelea kuitwa Machel. Mandela hakumtaka aache jina la Samora, na watu waliwaona wawili hao wakitembea wameshikana mikono kama vijana. Tarehe 5 Desemba 2013 Mandela alifariki, Graça akawa mjane mara ya pili akiwa na miaka 68. Aliomboleza tena, na baadaye akarudi tena kwenye kazi za watoto na wanawake.

Samora alioa tena baada ya miaka minne, Graça baada ya miaka 12. Janet alibaki kwenye kazi ya chama cha mume wake. Hatuandiki miaka hii ili mtu ajipimie nayo. Tunaiandika sababu humu kambini tuko na vipimo vya ajabu. Mgane anaambiwa aoe baada ya miezi mitatu, nani atapika. Mjane akicheka bombani mwaka mzima umepita, watu wanaanza: huyu alimpenda mume wake kweli? Yaani mwanaume haruhusiwi kulia na mwanamke haruhusiwi kucheka.

Lakini Graça si sisi

Mmoja wetu aliuliza swali zuri: Graça alikuwa na nyumba, jina na ndege za Umoja wa Mataifa. Sisi tuko na turubai. Ni kweli. Hatuwezi kumwambia mama mwenye watoto watano na rasheni iliyopunguzwa eti afungue taasisi. Watu wa pwani wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi, na mzigo wa mwingine huonekana mwepesi hivyo hivyo kwa asiyeubeba.

Lakini tuliangalia tena tukaona kwamba kuna vitu ambavyo havikuhitaji ndege. Watu walimwacha Samora amtaje Josina. Hakuna mtu aliyempangia Graça siku ya kuvua nguo nyeusi. Na muda ulipofika, mtu alimwita kwenye kazi, hakumletea msaada tu. Hayo matatu hata sisi wa turubai tunaweza.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa tuna neno kwenu pia, kwa heshima. Fomu zenu zina kisanduku cha mjane. Tunashukuru, sababu kinasaidia mama apate sabuni na blanketi mapema. Ila mtu akishaandikwa pale, mara nyingi anakuwa mtu wa kupokea tu mpaka mwisho. Muulizeni pia alikuwa anafanya kazi gani na mume wake, au mke wake alikuwa anafanya nini, na kama angependa iendelee. Na mnapomaliza vikao vyenu vya ushauri, mjue huzuni haijafungwa pamoja na faili.

Tulichofanya

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa mwenzetu, watu wanne, hatukubeba hotuba. Tulimwomba msamaha juu ya picha. Tulikuwa tumezunguka bloki nzima, na tukapata moja kwenye simu ya dada mmoja aliyekuwa kwenye sherehe ile ile. Si picha nzuri sana, imepigwa usiku. Marehemu ameshika sufuria ya nsima, anacheka, uso umegeuka upande. Tulimpa.

Aliiangalia muda mrefu. Kisha akaanza kutusimulia siku ile, nani alikuwa amechekesha watu, na jinsi nsima yenyewe ilivyoungua. Sisi tuliokuwa tunaogopa kutaja jina lake tukacheka pamoja naye. Yeye alilia kidogo pia, na hakuna mtu alimwambia ajikaze.

Hakusema kama atarudi kwenye kikundi, na sisi hatukuuliza. Tulipotaka kuondoka alituuliza jambo moja tu, watoto wa hesabu wamefikia wapi. Tukasema hawajaendelea, walibaki kwenye sehemu. Akatingisha kichwa, akasema hapo kwenye sehemu ndipo mke wake alikuwa anamsaidia, alikuwa anawakatia watoto mkate wa muhogo vipande ili waelewe nusu na robo.

Jumatatu jioni tulifungua darasa. Tulinunua mkate wa muhogo mmoja, tukaukata wenyewe, vibaya, vipande havikulingana. Watoto wanane walirudi. Kiti chake tumekiacha mbele, pale pale kilipokuwa, na hatujamwekea tarehe.